Pompe Iliyotoka kwa Jeep ya Virginie

Tarehe 4, mwezi wa kenda. Bulengera, Butembo

Kila motere yenye inaingia kwa garage yangu iko na kaye yake, daftari ya kuandika kila kitu. Mimi Kitsa Éphraïm siamini kichwa ya mutu, hata yangu. Leo naanza kaye mupya juu ya jeep ya Virginie, dada yangu mudogo, mwenye ananunuaka kakao kule Eringeti na kuileta Butembo. Msimu ya kakao inaanza sasa na itaenda mpaka Noeli.

Amefika asubui, matope mpaka kwa magoti, hakunisalimia hata. Alisema: "Yaya, kaka yangu mukubwa, nimekuwa wa nyuma mara tatu. Mara ya ine utanizika."

Sikumuuliza wa nyuma wapi. Kutoka Beni kwenda Eringeti magari inaenda kwa convoi, basoda ba jeshi mbele, basoda nyuma, na hakuna kusimama. Jeep yake ikijaa kakao, ikifika kwa ile mupando murefu, kilima ya matope, nyuma ya daraja ya mbao, inakohoa, inakosa nguvu, wengine banamupita. Anabakia yeye na pori. Na adui wa porini, mwenye bunduki, anachaguaka yule mwenye amebakia.

Mara zote tatu aliokoka juu ya mutu mumoja, Vagheni, shofere wa kagari kadogo kenye kanabeba batu. Akiona jeep inachoka, anapunguza mwendo, anakaa nyuma yake mpaka juu. Yule Vagheni mimi simupendi. Gari yake imefungwa na nyaya, mlango moja inashikwa na kamba, na yeye anacheka tu. Ananiita Enjenieri wa Kampala mbele ya batu. Ukimupa kifungulio anakuambia wasingya, asante yetu ya Kinande, ukimutukana pia wasingya. Nimesema mbele ya bashofere wote: ile ni gari ya kamba. Na jina imebakia.

Virginie anataka nguvu. Nimemuambia neno yenye nilingojea miaka kumi na tano kuisema: compresseur.

Tarehe 6

Nimekaa na kalamu. Kusukuma upepo kwa nguvu ndani ya motere kuna njia tatu.

Turbo inazungushwa na moshi. Inachelewa kuamka, inapika kila kitu kiko karibu yake, na ikikufa Eringeti nani ataitengeneza? Hapana.

Kuna compresseur ya umbo ya konokono, inavutwa na kamba ya motere. Muzuri kwa mutu wa lami. Nguvu yake inakuja tu wakati motere inazunguka mbio sana, na Virginie anapanda matope polepole, mifuko ishirini nyuma yake. Ile nguvu itafika akiisha kupitwa na wote.

Ya tatu iko na byuma bibili birefu, binazunguka pamoja ndani ya sanduku na kusukuma upepo tangu mwanzo, hata motere ikiwa bado chini. Ni muzito na inakula nguvu kidogo ya motere yenyewe. Mais kwa mupando hakuna kama hii. Nimechagua hii.

Niliisikia mara ya kwanza Kampala, kwa garage ya batu ba mashindano ya magari. Mimi nilikuwa wa kuosha byuma tu. Tangu ile siku niko na hamu nayo, na hapa Butembo hakuna mutu amewahi kuniomba. Hapa batu banakuomba uzibe radiateur na sabuni.

Florentine, bibi yangu, mama ya batoto yangu, amesoma juu ya bega yangu. Ameuliza ni Virginie mwenye anataka hii kitu ao ni mimi. Nimefunga kaye.

Tarehe 9

Mvula tangu asubui. Nimetengeneza frein ya pikipiki mbili, hazikuwa zinasimama.

Tarehe 11

Rafiki yangu wa Kampala, Ariel, ametuma mapicha ya compresseur mbili. Moja mupya, inametameta, ni ya kuiga, na hakuna mutu anajua chuma yake ilitoka wapi. Moja ni ya zamani, imetoka kwa gari yenye ilianguka kwa mtaro, uchafu kila pahali, mais nimemuomba azungushe kwa mukono mbele ya telefone na nimesikia: haina kelele. Virginie alitaka ile ya kumetameta. Nimemuambia asiende kununua kioo. Amekubali, amelipa, inapakiwa.

Tarehe 13

Naandika muzuri hapa.

Upepo mingi na mafuta kidogo inayeyusha piston. Donc mbele ya yote unapima mafuta. Nimetoa pompe ndani ya réservoir, tanki ya mafuta, ya Virginie, nimeitumbukiza kwa kidumu ya essence, mafuta ya gari, nimeifunga na batterie, nimepima na chupa na saa. Ikiwa baridi, kwa nusu dakika: litre moja na kitu kidogo juu. Muzuri. Nimeiacha izunguke saa nzima mpaka essence ikapata joto, nikapima tena. Haikufika nusu litre. Nimerudilia mara tatu. Ikipata joto, inaanguka.

Nimekaa chini. Kutoka barrière ya Beni, kizuizi yenye convoi inaondokea, na kungojea, na kutambaa, mpaka kwa ile mupando ni saa moja na kidogo.

Jeep ya dada yangu haikosi upepo. Iko na ugonjwa ya pompe. Pompe mupya peke yake, na angepanda kama zamani.

Nimeandika hii, juu kaye haipashwi kudanganya. Virginie sijamuambia. Compresseur iko njiani, na compresseur haiendi bila pompe mupya na kubwa, donc atapona mara mbili. Iko wapi ubaya? Nimechora pompe ya zamani alama yangu na lima, chuma ya kukwaruza, mistari tatu kwa shingo, nimeiweka kwa étagère, rafu ya byuma bya zamani. Kwa garage yangu, na kwa garage zote za huu muji, hakuna kitu kinatupwa. Kitu kimechoka kwa motere mukubwa, kinaweza kazi kwa motere mudogo. Hii njo namna tumeishi.

Tarehe 20

Compresseur imefika, imepita Kasindi, kwa mpaka, ndani ya mufuko ya mbaazi. Nimeifungua, nimeosha byuma na brosse ya meno. Nimefurahi kama mujinga, naandika tu ukweli.

Tarehe 25

Upande wa mafuta: pompe mupya yenye inatoa mara mbili ya ile ya zamani, injecteurs sita za kunyunyiza mafuta, zenye tundu kubwa, filtre ya kuchuja, nyaya za munene kutoka batterie mpaka kwa pompe, juu pompe kubwa na waya mwembamba ni kazi ya bure. Nimekaza tuyau zote za kupitisha mafuta mara mbili.

Inabakia essence yenyewe. Bakadhafi ba barabarani, bale ba kuuza kwa chupa, banachanganya na pétrole ya taa. Nimenunua kwa batatu, nimedondosha kwa karatasi na kuweka kwa jua. Essence ya kweli inakauka na kuenda. Mbili ziliacha alama ya mafuta. Nimemuambia Virginie: ukiweka hii, motere itagonga ndani kama mutu anatwanga, na piston itapasuka. Ameapa hataweka.

Tarehe 28

Vagheni amekuja kutoka Eringeti, ameniletea mukungu ya makemba, ndizi za kupika, sijui juu ya nini. Alizunguka jeep, akaingiza kichwa chini ya capot, kifuniko ya motere, akauliza kama ile mashine inapikaka pia sombe ya muhogo. Nikamuambia aende.

Hakuenda. Alikaa kwa tairi. Nikamuuliza, kumutesa kidogo, juu ya nini anajifanya mulinzi wa dada yangu kule kwa mupando, shofere mwenye gari haina hata mlango muzima. Nilingojea mucheko. Alisema: "Kaka yangu mukubwa alikuwa wa nyuma, miaka sita sasa. Magari kumi na tisa mbele yake. Hakuna hata mumoja aliangalia kioo."

Kisha akasimama, akasema wasingya Enjenieri, akaenda. Makemba tumeikula mangaribi. Ilikuwa tamu.

Tarehe 7, mwezi wa kumi

Imewaka.

Mara ya kwanza ilipiga moshi mweusi, mafuta mingi sana. Ariel akiwa Kampala kwa simu, mimi na ordinateur, kompyuta ya kuazima, hapa, tumepunguza kidogo kidogo mpaka saa tisa ya muchana. Kisha nikaenda nayo kwa mupando ya Bulengera, mifuko ya mchanga nyuma. Haikupanda, iliruka. Sauti yake ni kama filimbi ya mbali. Nilisimama juu, nikazima. Bamama ba soko banasimama kuniangalia. Nilitaka Kampala nzima iwe pale.

Tarehe 14

Convoi ya kwanza. Virginie alikuwa wa ine. Amenipigia simu kutoka Eringeti, anacheka kama wakati alikuwa mutoto.

Tarehe 18

Wa pili.

Tarehe 23

Wa kwanza, nyuma ya basoda tu. Amesema soda mumoja anamupigiaka kelele noki noki kila mara, yaani mbio, na sasa ni yeye mwenye anabaambia basoda noki noki. Nikamuuliza juu ya Vagheni. Alisema alimuona kwa kioo mpaka kwa daraja, kisha hakumuona tena. Alisema hivi tu, anakula.

Tarehe 30

Mvula kubwa. Barabara ya Beni imeharibika kwa mabonde. Bashofere babili bamekuja kuuliza compresseur. Mumoja aliniita Enjenieri, na hakuwa anachekesha.

Nimevimba kichwa. Florentine amesema anasikia filimbi ya ile jeep hata mimi nikilala.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na moja

Virginie amepita kuniletea kakao kidogo juu ya batoto. Nimemuambia, polepole, anaweza kupunguza mwendo kwa mupando, hata kidogo, kuangalia kama wengine banakuja. Alinikazia macho. Aliniuliza kama nilimuwekea ile mashine ili aende mbio ao ili angojee. Zamani, mutu akimungojea alikuwa analia na kumushukuru Mungu.

Tarehe 11

Vagheni amekuja kwa miguu, gari imevutwa na pikipiki mpaka kwa mlango. Pompe yake imekufa kabisa. Convoi ni kesho. Mama-mkwe wake, mama ya Solange, bibi yake, iko mugonjwa Eringeti, na Vagheni alimuahidi Solange atamuleta, na kwa kwenda yeye iko na batu bane bamekwisha kupata nafasi.

Nimeuliza kwa maduka yote ya pièces za magari. Pompe ya gari yake hakuna, ao iko za kuiga zenye zinakufa kwa wiki. Mvula inanyesha, giza inakuja. Nimeangalia kwa étagère.

Nimepima ile yenye mistari tatu. Baridi: litre moja na kidogo juu. Motere yake ni mudogo sana, haiombi hata nusu ya ile. Sikuiacha izunguke saa nzima. Haikukuwa nafasi. Nilijiambia: motere mudogo, joto kidogo. Nimeiweka, imewaka mara moja. Sikumuambia ilitoka wapi. Sikumuambia kitu.

Alitaka kuniachia kitu, nikakataa. Sikumutukana leo. Hata niliweka mlango yake vis mbili, skrubu za kukaza, nikatoa ile kamba.

Tarehe 12

Convoi imeenda. Mvula.

Tarehe 13

Vagheni amekufa.

Naandika namna nilisikia, kwa mpango, juu kichwa yangu haiko.

Saa tatu ya asubui jana baliondoka barrière ya Beni, magari ishirini na moja. Mvula, matope. Virginie mbele. Camion moja ya mizigo ilikwama mbele ya daraja, jeep ya basoda ya nyuma ikabakia nayo kuisukuma. Donc kati ya camion na convoi alikuwa Vagheni peke yake. Alipita daraja. Kwa mupando gari yake ilikohoa, ikakohoa tena, ikasimama. Hii njo bale batu bane balisema. Alizungusha ufunguo mara mingi. Motere ilikuwa inataka na haipati. Kisha alibaambia batoke, bakimbie juu, convoi iko mbele kidogo tu, bapige kelele. Balikimbia. Mumoja alikuwa mama na mutoto kwa mugongo. Yeye alibakia kujaribu tena, ndani ya gari, amefungua capot mara moja, amefunga. Balisikia masasi ya bunduki wakiwa karibu ya juu. Balifika bote bane, na mutoto.

Convoi haikusimama. Haiwezi kusimama, ni sheria. Batu bane balipanda kwa gari ya mwisho ikiwa inaenda.

Virginie alisikia habari Eringeti tu. Amerudi leo na mufuko zote. Nilimuuliza kitu kimoja: kwa mupando, uliangalia kioo? Alisema kioo ilikuwa na matope.

Saa moja na kidogo. Kutoka barrière mpaka kwa mupando ni saa moja na kidogo. Niliandika mimi mwenyewe, tarehe 13 ya mwezi wa kenda, na hii mukono.

Tarehe 15

Tumemuzika. Solange hakulia mbele ya batu. Batoto batatu. Mukubwa, Christa, alishika picha ya baba yake na mikono miwili, kifuani, masaa yote, hakubadilisha.

Pembeni ya kaburi bashofere balikuwa banasema chini chini. Gari ya kamba. Alikataa kutengeneza. Alijiua mwenyewe, na angeua bale bane. Nilisikia neno yangu inatembea kutoka kinywa mpaka kinywa, na hakuna mutu aliona uso wangu.

Tarehe 20

Basoda na bashofere bamevuta gari yake mpaka hapa. Solange aliomba iwekwe kwangu, juu alisema bwana yake alikuwa ananiamini.

Nilifunga mlango ya garage muchana kati. Nilitoa pompe, nikaweka kwa kidumu ya essence, nikaifunga na batterie. Baridi, litre moja na kidogo. Niliiacha saa nzima. Nilikaa mbele yake saa nzima, sikusimama.

Haikufika nusu litre. Na motere mudogo pia haiendi na hii, na abiria bane na mupando.

Tarehe 22

Nimemuambia Virginie yote. Na ya mwezi wa kenda pia, kwamba jeep yake ilikuwa inaomba pompe tu.

Hakupiga kelele. Alinawa mikono, akakausha polepole. Kisha akasema mimi niko na bibi, niko na batoto, niko na garage yenye bashofere bote banaleta magari. Nikisema, hakuna hata mumoja ataniletea tena. Na bataanza kuuliza tena nani alikuwa mbele, na nani alikuwa anasaidiwa na marehemu mara tatu. Aliniambia: "Yaya, yeye amekufa. Acha ife pamoja naye."

Nilimubeba kwa mugongo huyu dada, akiwa mudogo, wakati wa vita ya kwanza, kutoka Kasugho mpaka Butembo. Leo nimemuangalia muda murefu, na nimeogopa kwamba namufahamu muzuri sana. Mimi pia nimekwisha kukaa siku mbili bila kusema.

Tarehe 26

Mvula. Hakuna kazi, ao sikufungua.

Tarehe 30

Komite ya bashofere imekaa. Shofere akikufia kwa usukani, komite inasomeshaka batoto yake mpaka mwisho ya shule. Njo namna tunafanya tangu zamani. Mais kama gari yake ilikuwa mbaya kwa kosa yake, hapana. Batakata neno siku ya kumaliza kilio, tarehe 10. Bamenituma mutu. Banataka mimi, fundi, niseme gari ilikuwa hali gani. Yule mutu alicheka kidogo, akasema si kazi nguvu, wewe mwenyewe njo ulimupa jina gari ya kamba.

Florentine alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa. Alisema amesoma kaye, na nikisema ile ya kamba, yeye atarudi kwao Lubero, na hatarudi hapa.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na mbili

Solange amekuja na mutu wa kununua. Anauza gari bipande bipande, hakuna namna ingine. Yule mutu ni shofere wa njia ya Eringeti pia. Alichukua radiateur, batterie, tairi mbili. Kisha akaona pompe kwa meza, akauliza kama bado inakamata. Aliizungusha mukononi. Alisema kwa motere yake mudogo itatosha.

Nilimunyanganya. Nilichukua nyundo, nikaiweka kwa chuma, nikaipiga mpaka ikawa bipande. Miaka kumi na ine ya hii garage, ni kitu ya kwanza nimeharibisha kwa kutaka. Yule mutu aliondoka, anazani nimerukwa na akili.

Solange alibakia. Hakukasirika. Alisema: "Papa Kitsa, ile ilikuwa yangu. Ilikuwa chakula. Ulivunja juu ya nini?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nayo tayari kinywani: ilikuwa imeoza, itakuletea matatizo. Nilimuonyesha hii kaye. Yeye anajua kusoma muzuri kuliko mimi, alifundishaka shule ya msingi. Alisoma tarehe 13, akasoma 11. Akarudi nyuma, akasoma tena 13. Alisoma na kidole.

Nilingojea anipige. Hakunipiga. Aliuliza kama nitasoma hii mbele ya komite. Nikasema ndiyo. Aliuliza kama nitasoma pia kwamba mimi njo nilitoa ile kamba kwa mlango, na kwamba bwana yake aliendaka kila mara na gari yenye alikuwa anajaribu kutengeneza. Nikasema yote. Hapo njo alianza kulia. Alilia amesimama, mukono moja kwa capot ya gari ya bwana yake, na mimi sikujua niweke mikono yangu wapi.

Tarehe 10

Uwanja ya nyumba ya Vagheni, hema mbili, mvula imesimama kidogo. Bashofere karibu makumi tano. Virginie alikaa mstari ya mbele, kitambaa mweusi. Aliponiona na kaye mukononi alitikisa kichwa, kidogo tu, mara moja.

Nilisoma. Sauti yangu haikukuwa nguvu, mutu alisema nyuma basikii, nikaanza upya. Tarehe 4, gari ya kamba. Tarehe 13, litre moja, nusu litre, ikipata joto inaanguka. Mistari tatu. Tarehe 28, kaka yake mukubwa. Tarehe 11. Sikuruka kitu, hata ile ya kuvimba kichwa. Nikisema gari yake ilikuwa na waya mingi, ni kweli. Mais waya haikumusimamisha kwa mupando. Ilimusimamisha pompe, na pompe ilitoka kwangu, na nilikuwa najua.

Virginie alisimama, akapita kati ya biti bya kukalia, akaenda. Tulisikia jeep yake inawaka barabarani, na ile filimbi, mpaka ikapotea.

Komite imekubali batoto. Balikata neno pale pale, mikono juu. Kisha balianza kutoka, na bashofere babili benye magari yao iko kwangu baliniomba funguo zao. Niliwapa. Watatu wengine batakuja kesho. Nazani batakuja wengi.

Mwisho Solange alikuja kusimama mbele yangu, Christa pembeni yake. Aliniuliza ile jioni ya tarehe 11, wakati nilimaliza kufunga pompe na gari ikawaka, Vagheni alisema nini. Alitaka neno yenyewe. Ile sikuiandika kwa kaye. Niliiacha kwa kutaka, na leo pia, mbele ya batu, sikuisema.

Nikamuambia: Vagheni alisema wasingya.